Klabu ndogo ya chuo inapata wapi hela? Tulivyochangisha za klabu ya chesi Moro

Muhula ukianza tu simu yangu inaanza kuingia meseji za madogo wa vyuo tofauti, huyu katibu wa klabu ya picha, yule wa midahalo, mwingine wa kuangalia ndege, na swali ni lilelile, kaka nyie mlikuwa mnatoa wapi hela, sisi huku tupo wachache na kwenye akaunti hakuna hata jero. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwahiyo leo naandika yote hapa, mtu akiuliza tena namtumia linki nakaa zangu kimya.

Mimi nilikuwa mtunza hazina wa klabu ya chesi chuoni kwetu Morogoro. Chuo sikitaji maana watu bado wapo maofisini na mengine nitakayosema hawatayapenda. Klabu yenyewe ilikuwa ndogo kweli, mvua ikinyesha tunakuja watu sita, tuna bodi nne na kwenye moja malkia mweusi alikuwa kizibo cha Fanta. Timu ya mpira wana jezi, wana basi, wana mpaka katoni za maji, sisi kwenye bajeti ya serikali ya wanafunzi tulikuwa tunaangukia mstari wa mwisho kabisa ulioandikwa "mengineyo", na hiyo mengineyo ikifika mwezi wa tatu imeshaliwa na mambo ambayo hakuna anayeyajua.

Sasa shida kubwa ninayoiona kwa klabu ndogo ni kuiga wakubwa. Mnaona chama cha watu mia tano kimeandaa usiku wa kitaaluma wenye wadhamini na suti na keki, na nyie kumi na wawili mnataka usiku wenu. Mnakodi ukumbi, mnakodi muziki, mnaprinti tiketi, siku ya siku wanakuja wenyewe kwa wenyewe na marafiki zao walioingia bure, asubuhi mnadaiwa na mtu wa spika. Kwa nilivyoona mimi klabu ndogo inatakiwa iuze kilekile inachokifanya kila wiki, iuze kwa bei ya mfukoni, na iuze siku ambazo mifuko ina kitu. Basi. Mengine yote niliyoandika humu ni matawi ya hilo.

Ila kabla ya kuuza chochote jueni mnatafuta hela ya nini, na muwe na namba. "Tunaomba mchango wa kuendeleza klabu" haimgusi mtu, kuendeleza ndo nini? Sisi tulikuwa tunataka kwenda Dar kucheza na wenzetu, tukakaa chini tukapiga hesabu, treni ya SGR Moro mpaka Dar daraja la kawaida ilikuwa 13,000, hiyo ndo nauli treni ilivyoanza kubeba abiria mwaka 2024, watu wanane kwenda na kurudi inakuja 208,000, juu yake bajaji na chipsi mayai. Tukaandika kwenye bango kubwa kwa maka peni, TRENI 208,000, na pembeni mstari tunaoupaka rangi kila hela ikiingia. Watu wanapita wanauliza mmefika wapi, mtu ambaye hajui hata farasi anatembeaje anauliza bado shilingi ngapi, alafu anatoa buku ili aone mstari unapanda. Sikutegemea kabisa lile bango lingefanya kazi kiasi kile.

Siku za mifuko yenye kitu kila mwanafunzi anazijua. Bumu, yaani hela ya mkopo, likiingia kuna wiki moja, kama mna bahati mbili, ambapo kila mtu chuoni ni tajiri, kantini watu wanaagiza kuku, ukimwambia mtu buku anakupa mbili. Baada ya hapo mnarudi kwenye wali maharage na baada ya wali maharage mnarudi kwenye maandazi na chai ya rangi. Mkifanya shughuli yenu wiki ya maandazi msije mkalia kwamba wanafunzi hawana moyo wa kutoa, hawana hela! Kwahiyo muwe mmeshaomba kibali cha meza kwa mshauri wa wanafunzi mapema, barua imeshagongwa muhuri, bango limeshachorwa, ile Bodi ya Mikopo ikimwaga tu kesho yake mchana mpo mlangoni kwa kantini. Kibali kinachukua muda kuliko mnavyofikiri, mara anayesaini yupo semina, mara muhuri umefungiwa kwenye droo ya mtu aliyeko likizo.

Haya, meza yenyewe. Tuliiita Mshinde Mwenyekiti. Mwenyekiti wetu alikuwa dada mmoja wa mwaka wa pili, mwembamba, mpole, anaongea kama yupo maktaba, na kwenye chesi ni balaa. Tukamuweka nyuma ya meza mahali ambapo foleni ya chakula lazima ipite, ubao mmoja, simu moja yenye kioo kilichopasuka ina programu ya saa ya chesi (ipo ya bure, msinunue saa kwa ajili ya meza ya nje, itaibiwa), na masharti kwenye karatasi: kucheza buku, wewe una dakika kumi yeye ana mbili, ukimshinda unapata soda na jina lako linaandikwa kwenye bango. Siku ya kwanza saa saba mchana akaja jamaa mmoja wa uhandisi na genge lake, anacheka, anavuta kiti anakigeuza anakaa kama yupo kijiweni, anasema sister mimi nitakuonea huruma. Hajamaliza hata dakika nne mfalme wake yupo kona hana pa kwenda. Akataka kurudisha hatua.

"Dada hiyo nilikuwa nasogeza tu, sijacheza."

"Kaka ukigusa umecheza."

Alivyosema vile kwa kale kasauti kake foleni nzima ikalipuka, watu wameshika sahani wanacheka wali unamwagika. Mwanaume akifungwa na binti mbele ya foleni ya chakula haondoki, nawaambia. Alitoa buku ya pili, ya tatu, akaenda hostel akamleta rafiki yake ambaye alikuwa anasifika huko blok kwao, na yeye akapigwa. Kuanzia hapo hatukuhitaji matangazo. Kesho yake akaja mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mzima, tukasimama wote.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hii nayo inalipiwa?"

"Buku mwalimu."

"Na nikishinda?"

"Unapata soda mwalimu."

"Soda mimi sinywi, nina sukari."

Tukamwambia basi mwalimu tutakupa maji, akacheka, akakaa, akacheza kwa utulivu mpaka dakika zake zikaisha akiwa na nafasi nzuri tu, akatoa buku tano akakataa chenji. Alikuwa anarudi kila siku baada ya kipindi na wiki ile hakushinda hata mara moja, na sijawahi kumuona mtu anafurahi kufungwa namna ile.

Watu watawaletea presha ya kuweka dau, nicheze kwa buku tano nikishinda unipe kumi. Kataeni palepale. Mkishaanza kubadilishana hela kwenye ubao hiyo sio klabu tena, ni kijiwe cha kamari, na mshauri wa wanafunzi akisikia meza inaondolewa siku hiyohiyo. Hela inayoingia ni ya klabu, anayeshinda anakunywa soda, imeisha.

Alafu kuna kitu hatukukipanga ndo kikatuletea hela kuliko chesi yenyewe. Pale getini kuna kijiwe cha bodaboda, jamaa wanacheza drafti kutwa nzima wakisubiri abiria, vizibo vya soda vimegeuzwa, upande mmoja vinaangalia juu upande wa pili vimelala kifudifudi, ubao umechorwa kwenye kipande cha plaiwudi. Mmoja akaja kuleta chakula cha mtu akasimama kwenye meza yetu muda mrefu, akasema hii ya mafarasi siijui wakuu, leteni drafti muone. Na ubao wa chesi ni uleule wa drafti, nane kwa nane, tukaomba vizibo kantini tukahesabu kumi na viwili kila upande, akawakalisha wanachama wetu watatu mfululizo na kila mmoja amelipa buku kwa hiari yake! Kesho yake kijiwe kizima kikahamia kwetu kwa zamu. Wapishi wakatoka jikoni. Mlinzi mmoja ambaye hatujawahi kumuona akitabasamu alikuwa anacheza na kofia yake mapajani. Ikabidi tuweke meza ya pili ya drafti peke yake, jero kwa mchezo, na kwa siku ilikuwa inaingiza kuliko ya mwenyekiti kwa sababu drafti kila mtu anajua, hakuna anayeogopa kukaa.

Ndani ya klabu kukawa na kelele, kuna wenzetu wakasema tunaishusha chesi, sisi sio watu wa vijiweni. Mimi msimamo wangu ulikuwa, na bado ni huo, vizibo ndo vilitununulia saa za chesi. Kama ni klabu ya picha fikirieni na nyie drafti yenu ni ipi, kitu kilicho jirani na mnachokipenda ambacho mtu wa kawaida anakijua tayari. Nyie mnataka kupiga mandhari ya Uluguru asubuhi ukungu ukiwa umelala mlimani, sawa, ila mtu anataka paspoti saizi ya kupeleka field. Mpigieni paspoti saizi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu yale mambo ya kucheza muda mrefu kwa ajili ya kuchangisha. Wengi mliona mwaka 2024 yule Mnigeria Tunde Onakoya alivyokaa Times Square New York akacheza chesi saa 60 mfululizo, alikuwa anatafuta dola milioni moja za kusomesha watoto wa mitaa ya kimaskini kupitia taasisi yake ya Chess in Slums Africa. Michango ikavuka dola laki moja. Ni kitu kikubwa na kimeitangaza chesi Afrika kuliko mashindano yoyote ninayoyajua, lakini jamani yule alikuwa na miaka ya kazi nyuma yake, watoto aliowafundisha wanaonekana, watu wanamjua. Saa 60 bila ile historia ni mtu tu ambaye hajalala. Kinachowezekana kwa klabu ndogo ni mtu mmoja kucheza na wengi kwa wakati mmoja, mnapanga meza kumi kwa duara, mwenyekiti anazunguka anacheza hatua moja kila meza, kila aliyekaa kalipa buku mbili. Inachukua jioni moja, inapendeza kuangalia, na watu wanaipiga video wenyewe.

Hela ya meza ni nzuri ila ni ya wiki mbili. Ya kila mwezi tuliipata kwa watoto. Nyumba za walimu zipo nyuma ya chuo, Jumamosi asubuhi watoto wanazurura na wazazi wanatafuta pa kuwapeleka wasikae na katuni mpaka saa saba. Tukaandika tangazo, chesi kwa watoto, saa tatu mpaka saa tano, msimbazi mmoja kwa mwezi, na uji. Uji huo tulimuiga Robert Katende wa Kampala, yule aliyekuwa anawafundisha chesi watoto wa Katwe, mtaa wa kimaskini hukohuko Kampala, alikuwa anawapa kikombe cha uji na ndio binti mmoja, Phiona Mutesi, alivyofika pale kwa mara ya kwanza, kamfuata kaka yake na njaa yake. Mwaka 2010 binti huyohuyo akawa Urusi anaichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi. Wazazi tuliwasimulia hiyo stori kwenye kikao cha kwanza na nawaambia ukweli hatukuhitaji kusema lingine.

Watoto ni kazi lakini. Watakula kete kwa maana ya kuzitia mdomoni. Kuna mmoja alikuwa anakataa kabisa mfalme wake kufa, ukimwambia chekimeti anambeba anamuweka mfukoni anaenda nae nyumbani, na sisi Jumatatu tunacheza na kifuniko cha peni. Masharti yetu yalikuwa muda wote wawepo wakubwa wawili, tunakaa barazani mahali pa wazi, na mzazi anasaini daftari akimleta na akimchukua. Hilo msilifanyie utani hata kama mnafahamiana wote. Wazazi wakiuliza mtoto afanyie wapi mazoezi nyumbani tulikuwa tunawaelekeza Lichess, mtandao wa kuchezea chesi, bure kabisa, haina matangazo, na kumbe yenyewe inaendeshwa kwa michango ya watu, nilikuwa nawaambia wanachama wetu muone, mtandao mkubwa vile nao unaishi kwa kuchangiwa, sisi nani tuone aibu.

Waliomaliza chuo nao. Hapa wengi mnakosea namna ya kuomba. Mnafungua grupu la WhatsApp, mnatupia watu humo bila salamu, mnaweka orodha ya ahadi kama mchango wa harusi, 1. 2. 3., na watu wanajaza, fulani 50,000 ahadi, fulani 100,000 ahadi. Ahadi tamu sana kuisoma. Mwezi unaisha aliyelipa ni mmoja, tena yule wa buku kumi ambaye hakuahidi kitu. Sisi orodha tukaifuta tukawa tunamfuata mtu mmoja mmoja inboksi, kwa adabu, na kitu kimoja kinachokaribia kukamilika. Meseji ilikuwa hivi: "Shikamoo kaka, hapa ni klabu ya chesi chuoni. Tunanunua saa ya mashindano, ni 90,000, tumeshapata 65,000 kwenye meza ya kantini, imebaki 25,000. Ukiweza kutumalizia au hata kupunguza tutashukuru, picha ya saa na risiti nitakutumia mwenyewe." Mtu mzima anapenda kumalizia. Ukimuomba aanzishe anakumbuka kodi ya nyumba, ukimuomba amalizie anatuma, na wengine wanatuma na ya kutolea.

Hayo mengine nayapitia haraka. Tisheti, msiprinti hata moja kabla mtu hajalipa yote, klabu moja ya jirani zetu iliprinti kwa kuaminiana, mpaka leo kuna mtu ana gunia la XXL chini ya kitanda. Barua za udhamini kwa makampuni makubwa, mtapoteza wino, hata kujibiwa hamtajibiwa, nendeni kwa mwenye steshenari hapo nje ya geti awaprintie mabango bure nyie mumuandike chini kwa herufi kubwa, yeye anawajua na nyie ndo wateja wake. Maua ya mahafali yanalipa ila siku hiyo kila mtu anauza maua, mpaka bei inashuka saa nne asubuhi. Mashindano ya mpira wa kwenye PS, kama mna mtu mwenye mashine na runinga fanyeni, kama mnakodi vyote achaneni nayo. Bahati nasibu ya mbuzi, kuna wanaoipenda sana hii, mjue bahati nasibu ina sheria yake na ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni, sio kitu cha kuamka tu mnaanza kuuza namba hostel.

Na ada ya uanachama msiidharau. Elfu kumi kwa muhula hakuna anayelipa, ila jero kila mkikutana watu wanalipa bila kuhisi, anayekosa wiki hii hakuna kumnyooshea kidole, analipa ijayo. Tulikuwa na kopo la Blue Band lenye mfuniko uliotobolewa, linazunguka kabla ya mchezo wa kwanza.

Mwisho kabisa utunzaji, maana klabu nyingi hazifi kwa kukosa hela, zinakufa hela ikishaingia. Msipokelee kwenye namba binafsi ya mtu hata awe mcha Mungu kiasi gani, siku simu yake ikiibiwa au akipata shida ya nyumbani mtamuumiza yeye na klabu. Sisi tulitumia M-Koba, ile huduma ya simu ya kutunza hela za vikundi, hela haitoki mpaka viongozi wengine waidhinishe, na kila Jumapili jioni ukurasa wa daftari unapigwa picha unawekwa kwenye grupu, hata kama wiki hiyo imeingia elfu tatu na mia tano tu. Mwanzoni watu walikuwa wananitania, mhasibu mkuu huyo. Ila tulivyonunua saa ya kwanza nikatuma picha ya saa, risiti na ule ukurasa kwa kila aliyechangia, wakiwemo wa buku, na ndani ya wiki ile watu wawili waliokuwa wamenisoma wakanyamaza wakatuma za saa ya pili.

Kitu cha kwanza kununua mkipata hela, kama ni chesi, ni zile bodi za kukunja za plastiki na seti moja zima ya kete za akiba. Pawni zinapotea balaa, na mtoto wa mwalimu bado ana mfalme wetu.